Bibi yako sio ignorant

Mwanangu, assalam aleikum. Huku Tanga wazima, bibi yako anakusalimia sana. Esei yako ya skolashipu nimeisoma kwenye simu, imekaa vizuri, ila kabla hujaituma nakuomba ubadilishe pale ulipoandika bibi aliyekulea ni ignorant.

Najua ulitaka kusema hakwenda shule. Kwa hilo Waingereza wana illiterate, yaani mtu asiyejua kusoma na kuandika basi, haligusi akili wala maarifa yake. Ignorant ni mtu asiyejua mambo. Ukitaja jambo lenyewe haliumi sana, hata profesa anaweza kuwa ignorant kwenye uvuvi, lakini ukimwita mtu ignorant hivi hivi ushamtukana, na hao watakaosoma esei watajua unamdharau.

Na naona limetokea wapi, sisi yote mawili tunayaita ujinga. Nyerere alikuwa akitaja maadui ujinga, umaskini na maradhi, ukaja 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima, watu wakaingia madarasa ya ngumbaru, tukaambiwa tunafuta ujinga wakati kilichokuwa kinafutwa ni kutojua kusoma tu. Sensa ya 1967 karibu watu wazima 67 kwa 100 walikuwa hawajui kusoma, 1977 wakabaki kama 27. Sasa hao 67 ndo hawakujua kitu? Mkonge wa mkoa huu nani alikuwa anaukata, majahazi ya Pangani nani alikuwa anayaendesha?

Bibi yako akiwa Kigombe alikuwa anahesabu mwezi kwa vidole anakwambia bamvua, yale maji yanayojaa na kutoka sana, linaanza lini, maji yakitoka anashuka mwambani na kijiti chake, anapita mashimo kumi hagusi, halafu anainama kwenye moja tu maana kaona magamba ya kaa na kome yamerundikana mlangoni, hapo pweza yumo, kala kaacha taka nje. Watoto wa chuo kikuu wanakuja kuandika hayo kwenye daftari, yeye anayo kichwani tangu msichana.

Halafu hata illiterate mimi siitaki kwake. Msahafu anausoma, na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu anaziandika mpaka leo, pwani hii watu waliandika hivyo miaka mingi kabla ya hizi herufi za kizungu. Andika tu hakusoma shule ya serikali, kisha mweleze na huyo pweza, ndo atakayekupa nafasi. Ukimaliza nitumie niipitie tena, bando nishakurushia.

Mama yako