Sanaa ya mazingira ipewe mtunzaji kabla ya kuzinduliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno na wanaoagiza kazi za sanaa kwa ajili ya Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni, hapa Mwanza, pamoja na wasanii wenzangu tunaozipokea.

Mimi ni fundi sanamu, karakana yangu iko Mabatini, hatua chache kutoka Mto Mirongo. Miaka michache iliyopita niliagizwa nitengeneze sangara mkubwa wa chupa za plastiki, asimamishwe karibu na ufukwe ili watu wakimwona waache kutupa taka ziwani. Mifupa yake niliifunga kwa nondo na waya. Chupa nilinunua kwa waokota makopo, viroba kwa viroba, kwa kilo. Mgongo nikaupaka rangi ya mafuta, tumbo nikalipaka rangi ya fedha. Alipendeza kweli. Mgeni rasmi akapiga naye picha, wanafunzi wakaimba, jioni maturubai yakakunjwa.

Baada ya hapo hakuna aliyerudi kumtazama. Kwetu Juni ndiyo kiangazi kinaingia, na jua la miezi minne liliikausha ile plastiki hadi ikawa inavunjika ukiigusa kwa kidole. Vuli ilipofika, upepo na mvua vikamvua magamba. Niliyakuta mtaroni, mengine yameshafika kwenye matete yanaelea. Nikawapigia simu walioniagiza, nikajibiwa kwamba bajeti ya shughuli ile imeshafungwa. Basi nikaenda na vijana wawili wa karakana, tukaokota tulichoweza na kukipeleka kwa mnunuzi wa makopo. Akakataa, kwa sababu chupa yenye rangi ya mafuta kwake haiuziki. Hapo ndipo iliponiuma. Zile chupa kabla hazijanifikia zilikuwa njiani kwenda kusagwa. Mimi ndiye niliyezitoa kwenye kiroba cha mwokota makopo nikazipeleka ziwani.

Na ziwa lina mzigo wake tayari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima sangara na sato walionunuliwa sokoni hapa hapa Mwanza. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na chembe za plastiki tumboni.

Sisemi tuache plastiki. Mafundi wa Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakaliita Flipflopi na kulivika ndala zipatazo 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, mwaka uliofuata likafika Zanzibar, na mwaka 2021 likasafiri katika ziwa letu hili. Lakini jahazi lina nahodha na mabaharia, na ubao ukilegea yupo fundi wa kuukaza. Sangara wangu hakuwa na mtu.

Kazi ninayoifikiria zaidi ni ya Mjerumani Joseph Beuys. Mwaka 1982, mjini Kassel, alirundika mawe 7,000 mbele ya jumba la makumbusho, akasema jiwe haliondoki pale mpaka uwepo mti wa kupandwa pamoja nalo. Rundo likakaa mbele ya macho ya watu. Wapo waliolichukia. Hotuba hazikulipunguza hata jiwe moja. Kila mti uliopandwa ndio uliopunguza jiwe lake. Beuys alifariki mwaka 1986, na mti wa mwisho ukapandwa mwaka 1987. Kazi ilichukua miaka mitano, ikaendelea hata mwenyewe alipokuwa hayupo.

Mawe sisi tunayo, mji wetu wote umekaa juu ya miamba. Tunachokosa ni ile miaka mitano. Hata miche yetu tunaipanda Juni, mvua zikiwa zimekwisha, na ikifika Septemba imebaki vijiti. Kwa nini upandaji usisogezwe hadi Novemba?

Ombi langu ni hili. Kabla fundi hajanunua waya, mkataba utaje nani ataitazama kazi kila mwezi, na siku itakapochakaa itabomolewa kwa fedha ipi na vifaa vyake vitakwenda wapi. Sehemu ya malipo ya fundi ishikiliwe hadi siku hiyo. Mimi niko tayari kusaini leo. Wasanii wenzangu, najua Juni ndiyo msimu wetu wa kupata kodi ya pango, lakini kazi isiyo na majibu hayo tuikatae. Na tuache kuosha brashi kwa petroli na kumwaga mtaroni. Maji ya Mirongo yanaishia ziwani.

Kwa kazi za siku moja, gugumaji linatosha. Nimelijaribu: shina likikauka sawasawa linasukika vizuri, na likichakaa linaoza likawa udongo. Lisipokauka linaota ukungu, kwa hiyo halitaki haraka.

Mifupa ya yule sangara niliirudisha nyumbani. Nimeichimbia nje ya karakana na kupanda pasheni chini yake, na vijana wanamwagilia kwa zamu. Juzi pasheni imefika kwenye mapezi.

Fundi sanamu,
Mabatini, Mwanza