Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Baiolojia ya Molekuli kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kutembelea Maabara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kitivo, wahadhiri wetu, wageni waalikwa, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu yako mengi. Tunatambua kwamba umeshasomewa risala nyingi. Hii ina ombi moja tu.

Chama chetu kilianzishwa na wanafunzi wachache waliochoka kuiona RNA, molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye jeni, ubaoni bila kuigusa. Kikapata katiba, kikapata muhuri, na leo kipo mbele yako. Historia yetu ndiyo hiyo.

Mafanikio, Mheshimiwa, ni makubwa. Tumetengeneza modeli ya splaisosomu, mashine ya seli inayokata na kuunga RNA, kwa waya na shanga, ambayo, kwa tathmini yetu wenyewe, imefikia viwango vya kimataifa. Utakapopita mezani tunaomba usiguse sehemu yake iitwayo U6, gundi bado haijakauka. Aidha, tumefaulu kutoa RNA kwenye seli za hamira na kuiona vizuri kwenye jeli ya kutenganishia molekuli. Siku hiyo ilionekana vizuri. Yaliyotokea baadaye ndiyo yaliyotufanya tukualike.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunachojifunza ni ribonukleoprotini ndogo za kiini cha seli, yaani snRNP. Kila moja ni RNA fupi iliyoshikamana na protini zake. Jeni zetu nyingi zimeandikwa kwa vipande: eksoni zinazobaki kwenye ujumbe wa RNA, na katikati yake introni zinazopaswa kuondolewa. Chembe ya U1 hushika mwanzo wa introni, U2 hushika karibu na mwisho wake, kisha U4, U5 na U6 huja kwa pamoja. U1 na U4 hujitoa, na hapo RNA ya U6, ikisaidiwa na ya U2, hukata introni na kuunga eksoni. Mkato ukikosewa hata kwa herufi moja, protini yote inayofuata inaweza kuharibika, sawa na fundi cherehani aliyekata kitambaa kabla ya kupima.

Introni ziligunduliwa mwaka 1977. Miaka michache baadaye Michael Lerner na Joan Steitz, katika Chuo Kikuu cha Yale, walizitambua chembe hizi kwa kutumia seramu, yaani majimaji ya damu, ya wagonjwa wa lupasi, ambao miili yao hutengeneza kingamwili zinazozishambulia. Tunaomba hili lizingatiwe: ugunduzi ulitoka kwenye seramu, na seramu hutunzwa kwenye baridi kali.

Kwamba jambo hili linagusa uhai wa watu, ushahidi upo. Chembe nyingi kati ya hizi huvishwa pete ya protini saba za Sm, na protini iitwayo SMN ndiyo husaidia kuivisha. Mtoto anayezaliwa bila jeni ya SMN1 inayofanya kazi hupoteza neva zinazoendesha misuli, na misuli hudhoofika. Jeni ya akiba, SMN2, anayo, lakini tofauti ya herufi moja hufanya eksoni ya 7 irukwe katika sehemu kubwa ya ujumbe wake. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, huziba mahali kwenye RNA panaposababisha kurukwa huko. Mwaka 2020 ikafuata risdiplam, ambayo hunywewa. Zipo aina za upofu wa kurithi zinazotokana na hitilafu za protini za splaisosomu kama PRPF31, na zipo saratani za damu zenye mabadiliko katika SF3B1, ambayo ni sehemu ya U2. Mwaka 2024 tu, mabadiliko katika jeni ya RNU4-2, inayotoa RNA ya U4, yalionekana kuwa chanzo cha matatizo ya ukuaji wa ubongo kwa watoto wengi ambao familia zao zilikuwa hazina jibu.

Sasa tuje kwenye ombi.

RNA huharibika upesi. Vimeng'enya vinavyoikata vipo hata kwenye ngozi ya vidole vyetu. Seramu nayo, ikigandishwa na kuyeyuka mara kwa mara, kingamwili zake hudhoofika. Kwa hiyo tunahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Hatuna. Sampuli zetu zimehifadhiwa kwa hisani kwenye kona ya friza ya idara nyingine, na umeme ulipokatika mwishoni mwa juma hakuna aliyejua hadi Jumatatu. Jeli iliyopaswa kutuonyesha mistari myembamba ya U1 na U2 ilituonyesha ukungu.

Ombi hili si geni, Mheshimiwa. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alilisikiliza, akasimama na kutamka, "Hilo nimelichukua." Tunaamini bado analo. Mwingine aliagiza iundwe kamati ya ufuatiliaji, ikakutana, ikapendekeza iundwe kamati ndogo. Wa tatu, tunamshukuru kwa dhati, alileta jokofu la jikoni lililofungwa utepe mwekundu, tukapiga naye picha. Jokofu hilo huyeyusha barafu lenyewe kwa kupandisha joto kila baada ya muda, jambo jema kwa mboga na msiba kwa RNA. Chupa ya maji iliyo mbele yako imetoka humo.

Hatuombi jengo. Jengo tulishaahidiwa, na jiwe lake la msingi lipo hapo nje. Tunaomba friza moja ya kusimama, kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, king'ora cha kutujulisha joto linapopanda, na kuunganishwa na jenereta ambayo tayari inawasha taa za ukumbi huu. Tunaomba pia mkataba wa fundi wa kuihudumia, kwani friza isiyo na fundi hugeuka kabati. Nafasi yake tumeshaipima, mlango unatosha, na soketi ipo. Kwa upande wetu tutaweka daftari la joto, na mwanachama wa zamu atalijaza asubuhi na jioni, sikukuu zikiwemo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuna shaka na neno lako. Hata hivyo, kutokana na uzoefu, tumeandaa karatasi yenye nafasi ya jina, tarehe ya kuleta friza na saini. Katibu wetu atakuletea mara baada ya hotuba yako, kabla ya picha ya pamoja. Kalamu anayo.

Tunaomba kuwasilisha.