Mpe karanga amenye, penseli itakuja

Mama Rehema shosti yangu, habari za Morogoro. Voisi yako ya jana nimeisikiliza mpaka mwisho na imeniuma, yaani mtoto hata miaka 4 hajafikisha unaambiwa na mwalimu wake yuko nyuma eti kwa sababu hawezi kushika penseli aandike a e i o u ndani ya mstari? Hapana jamani. Mimi nashinda na watoto wa chekechea, naomba unisikilize.

Mkono wa Rehema bado unajengeka, hata mifupa yenyewe. Mtu mzima pale kwenye kifundo cha mkono ana vifupa 8, mtoto akizaliwa pale karibu pote ni gegedu, kile kitu laini kama cha sikioni, halafu vifupa vinatokea kimoja kimoja miaka inavyokwenda, cha mwisho mara nyingi mpaka avuke miaka 8 huko. Ndo maana daktari anaweza kupiga picha ya mkono akakadiria umri wa mtoto. Halafu wengi wakiwa na miaka 3 wanaweza kuiga duara, msalaba mpaka 4 hivi, pembetatu kwenye 5, sasa mtu anamdai herufi zikae ndani ya mstari atazitoa wapi? Akishika penseli kwa ngumi nzima saa hizi mwache, kushika kwa vidole vitatu kunakuja vidole vikipata nguvu, na nguvu hiyo haitafutwi kwenye daftari, ipo hapo jikoni kwako.

Anza na ugali. Usimlishe kwa kijiko, mwache amege tonge mwenyewe, alifinyange, alibonyeze na gumba lipate kishimo cha kuchotea mchuzi. Angalia vizuri hapo, gumba linasukuma, vidole vingine vinashikilia, kiganja kimejikunja, na ni vidole hivyo hivyo vitakavyokuja kubeba penseli. Atachafuka ndio, mtandikie kanga ya zamani. Ukiwa unachambua mchicha mpe fungu lake akwanyue majani, na mahindi makavu wewe anzisha mstari mmoja wa gunzi yeye aendelee kupukuchua, ile kazi ya gumba ni ngumu kweli na watoto wanaipenda sana sijui kwa nini, wanaweza kukaa hapo muda mrefu kuliko kwenye katuni. Karanga za maganda amenye. Siku ya chapati mpe kidonge chake cha unga akande, asukume, aharibu, akande tena, usikimbilie kununua ule udongo wa rangi wa dukani, pesa weka.

Na nguo usisahau! Soksi zake afue mwenyewe kwenye beseni dogo, azikamue, aanike na vibanio, kile kibanio kukifungua kwa gumba na kidole cha shahada ndo zoezi lenyewe la penseli. Vifungo vya shati asubuhi afunge yeye, ndo mtachelewa kidogo, muamshe mapema, lakini usimpokonye kazi kwa sababu ya haraka. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alijenga mafunzo yake juu ya mambo haya haya, kumimina maji, kufagia, kufunga vifungo, na leo wazazi wanalipia ada kubwa watoto wao wayapate.

Simu mpunguzie. Kidole kinateleza tu juu ya kioo, hakibani kitu, hakisukumi kitu.

Ila shosti, karanga na mahindi ni ukiwa umekaa hapo hapo, usiende hata kujibu hodi ukamwacha peke yake, punje inaingia puani au sikioni mara moja, na yule mdogo wake anayetambaa asikaribie kabisa, anaweza kukabwa. Kisu na mbuzi ya nazi bado.

Kitu kingine, umesema anapenda kushikia mkono wa kushoto na bibi yake anamchapa kidogo vidole. Ongea na mama mkwe kwa heshima, mwambie kula na kumpa mtu kitu tutamfundisha kutumia mkono wa kulia kama adabu yetu, lakini kuchora na kuandika mwacheni na mkono wake, hauna ubaya wowote, na akilazimishwa ndo atachukia penseli moja kwa moja. Ambacho kingenitia wasiwasi ni kama mkono mmoja unaonekana dhaifu, hautumii hata kushikilia bakuli, au kama kitu alichokuwa anakiweza juzi sasa hawezi, hapo usisubiri, mpeleke kliniki wamuangalie.

Na huyo mwalimu nenda kamuone, usiende kwa hasira, muulize kama anaweza kumpa Rehema chaki kubwa achore ukutani au sakafuni badala ya mistari ya daftari kwa sasa.

Baba Rehema msalimie sana, mwambie jioni wakicheza bao barazani ampakate mwanawe amwachie azigawe kete, moja moja kila shimo, wenzake watavumilia. Halafu nitumie video Rehema akifungua kibanio cha nguo, nataka nione gumba lake linakaaje, nitakwambia tuongeze nini.

Wako, Mama Iddi