Barua ya Wazi kwa Wanangu Wataalamu Mlioko Dubai na Abu Dhabi

Wanangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Ninyi wahandisi, wauguzi na wahasibu mmezoea kuhama mji kwa mji na kutambulikana kwa kazi zenu. Kumbukeni tu kwamba huko hata ukaazi wenu umeshikwa na kazi hiyo. Ajira ikiisha, viza hufutwa na siku za kuondoka zinaanza kuhesabiwa. Ukikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miezi sita mfululizo, viza ya kawaida ya ukaazi nayo hufa.

Basi someni mkataba kabla ya kusaini. Msidanganyike na jumla ya mshahara. Ulizeni mshahara wa msingi ni kiasi gani, maana kiinua mgongo hukokotolewa kwa huo peke yake. Posho ya nyumba na ya usafiri haziingii. Sheria inatoa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, kisha siku 30. Mwenye msingi wa dirham 9,000 anahesabiwa 300 kwa siku, yaani 6,300 kwa mwaka, na 31,500 kwa miaka 5. Mwenzake mwenye jumla ileile lakini msingi wa 4,500 ataondoka na nusu yake, na wakati huo hakuna wa kumlilia.

Mtoto kuzaliwa Dubai hakumpi uraia wa huko. Mna siku 120 za kumkatia ukaazi, la sivyo faini. Kabla ya hapo sharti apate cheti cha kuzaliwa, kigongwe mihuri, kisha pasipoti ya kwao. Anzeni wiki ya kwanza, na jina lake liandikwe sawasawa na pasipoti za wazazi. Mohamed na Mohammed, kwa karani, ni watu wawili.

Watanzania, sikilizeni zaidi. Mtoto wenu aliyezaliwa nje ni raia kwa kurithi. Naye akija kuzaa nje, mjukuu wenu harithi tena. Mwambieni hilo mapema, angali na nafasi ya kupanga.

Shuleni atapewa Kiingereza na Kiarabu. Kiswahili hana wa kumpa ila ninyi, kila siku, mezani na garini, hata akiwajibu kwa Kiingereza. Likizo ya Julai na Agosti mleteni, na asifikie hotelini Diani. Alale kwa bibi yake, atumwe dukani, akosee maneno na watoto wenziwe wamsahihishe.