Shamba Utamwachia Nani?

Missoula, Montana, Marekani
Mei 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Sisi huku wazima, ila Mama bado anasumbuliwa na magoti. Theluji imeyeyuka na watu wa huku wameanza kupanda. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wazee wanataka uchukue fomu ya udiwani, nawe umewajibu, "Shamba nitamwachia nani?" Hilo swali limeninyima usingizi. Nikamkumbuka mtu mmoja wa jimbo hili, nikaona nikusimulie habari zake.

Anaitwa Jon Tester. Kwao ni Big Sandy, mji mdogo wa watu wapatao 600 kaskazini mwa Montana. Shamba lake la ekari 1,800 lilifunguliwa na babu na bibi yake zaidi ya miaka 100 iliyopita. Usishtushwe na ukubwa huo: nchi ile ni kavu, ngano inangoja mvua ya Mungu, na mavuno ya ekari moja si mengi. Akiwa na miaka 9, mashine ya kusagia nyama hapo nyumbani ilimkata vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto. Akajifunza tarumbeta, maana vidole vya kulia vinatosha, akasomea muziki, akafundisha shule ya hapo hapo mjini kwao huku akilima. Kisha akaingia bodi ya shule, kama wewe ulivyo kwenye kamati ya shule.

Kilichomsukuma kwenye siasa kubwa ni umeme. Mwaka 1997 Bunge la Montana liliiachia biashara ya umeme soko huria. Kampuni iliyokuwa ikilihudumia jimbo ikauza mabwawa na mitambo yake, na haikupita miaka mingi bei zikapaa. Wewe unajua vizuri: mkulima hapangi bei ya gunia lake, lakini gharama zote anapangiwa. Mwaka 1998, mwaka mmoja tu baada ya sheria hiyo, Tester akagombea Seneti ya jimbo, yaani baraza la juu la Bunge hilo, akashinda.

Sasa sikiliza Bunge lao linavyokaa, maana ndicho hasa nilichotaka kukuandikia. Linakutana mara moja kila miaka miwili, siku zisizozidi 90, kuanzia Januari. Januari huku ardhi imeganda kama jiwe, huwezi hata kuchimba shimo la nguzo. Kikao kikiisha, ndipo udongo umelainika na trekta zinatoka. Mbunge anarudi kupanda, kupalilia, kuvuna. Malipo ni madogo, kwa hiyo karibu kila mmoja ana kazi yake: mkulima, mwalimu, wakili, mwenye duka.

Nililiona kwa macho yangu Februari, tulipokwenda Helena, mji mkuu wa jimbo, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa. Nilidhani tutazuiwa mlangoni. Tukaingia hadi chumba cha kamati tukakaa. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa ameshika kofia magotini, buti zake zina tope lililokauka, na kikaratasi amekikunja mara nne. Zamu yake ilipofika alisimama, akataja jina na mji anaotoka, akasema anapinga muswada ule wa maji na sababu zake. Wajumbe wakamwuliza maswali, wakamshukuru, akarudi kukaa. Mimi niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikipanga foleni kungoja watu wengine waamue habari zangu, nilitokwa na machozi pale pale.

Tester alikaa Seneti ya jimbo miaka 8, ukomo wanaoruhusiwa kwa mfululizo. Mwaka 2003 aliwaongoza maseneta wa chama chake, walipokuwa wachache, na mwaka 2005 chama chake kilipopata wingi akawa Rais wa Seneti. Mwaka huo huo alipitisha sheria ya kuwataka wauza umeme wafikishe asilimia 15 kutoka upepo na vyanzo vingine visivyokwisha ifikapo 2015. Bunge la 2021 limeifuta, na mimi naona wamekosea, kwa sababu upepo wa nyanda zile ni mali ya wenye mashamba.

Baadaye alikwenda Washington, kwenye Seneti ya nchi nzima, baada ya kushinda mwaka 2006 kwa kura zisizofika 4,000. Akakaa miaka 18, akashindwa uchaguzi wa mwaka 2024. Huko nako alikuwa akipanda ndege na nyama ya shambani kwake kwenye begi, aliyoichinja mwenyewe, na mwisho wa juma anarudi kukaa kwenye trekta. Sheria ya usalama wa chakula ilipoandaliwa, ndiye aliyepigania wakulima wadogo wanaowauzia walaji moja kwa moja wasibebeshwe masharti ya viwanda vikubwa. Nani mwingine angekumbuka kichanja cha nyanya cha kando ya barabara?

Najua yeye ana kombaini na wewe una jembe na wanao wawili. Najua pia kwamba uchaguzi una fitina zake. Lakini baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka, halikai kila siku. Niandikie tarehe za vikao vya mwaka jana, na tarehe ulizopanda, ulizopalilia na ulizong'oa maharage, nizipange pamoja tuone zinagongana wapi. Zikigongana mara mbili tatu, nitatuma fedha za vibarua wa siku hizo. Shemeji msalimie sana, na umwambie kanga alizoagiza Mama amezipokea.

Ni mimi nduguyo wa Nyarugusu