Kufuli la lango usiku ni hatari, na sheria inaturuhusu kudai libadilishwe

Mhariri,

Kila moto unapoua watu nchini, sisi wananchi hulia, hulaumu, kisha hungoja serikali iunde kamati ya uchunguzi. Nawaomba wasomaji wako tusiishie hapo. Sheria za Kenya zinampa mtu yeyote haki ya kudai kanuni za usalama wa moto zibadilishwe, nasi haki hiyo tumeiacha ikilala.

Naishi Kisauni, katika jumba la ghorofa nne lenye ngazi moja tu. Saa nne usiku lango la chini hutiwa kufuli kwa kuhofia wezi, na bawabu huondoka na ufunguo. Madirisha yote yana nondo, hata ya ghorofa ya juu kabisa, nazo zimechomelewa moja kwa moja bila bawaba. Kila jikoni kuna mtungi wa gesi. Juu yangu anaishi mama mwenye watoto watatu na mama mkwe asiyeweza kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Nikisikia harufu ya kitu kinachoungua usiku, wazo langu la kwanza ni bawabu yuko wapi.

Tunajua kufuli na nondo hufanya nini moto unapowaka. Machi 2001, wavulana 67 walikufa bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, vitanda viachane kwa angalau mita 1.2. Ni mwongozo mzuri, lakini Septemba 2024 tulizika tena watoto 21 waliokufa kwa moto wa bweni huko Endarasha, Nyeri. Kama watoto wa shule wenye mwongozo wao hawajapona, sisi wapangaji tunangoja nini?

Katiba, Kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria, liirekebishe au liifute. Lakini huduma za zimamoto, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo, ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo kwa jambo kama la lango letu, mlango wa kubisha ni bunge la kaunti, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inatupa haki ile ile huko. Huhitaji wakili wala chama. Hata mtu mmoja anaweza.

Sheria ya 2012 kuhusu maombi yanayopelekwa Bungeni inaeleza ombi liweje, na ni kipimo kizuri hata kwa anayeandikia kaunti. Laweza kuandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Asiyejua kuandika huweka alama ya kidole gumba. Taja jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Eleza ni ofisi gani umeshaiendea na ilikujibu nini, na kama kesi ya jambo hilo iko mahakamani. Mwisho sema waziwazi unachotaka kifanyike.

Hapo mwisho ndipo naona wengi tunapoteleza. Ukiandika "serikali ishughulikie tatizo la moto", umewapa wabunge nafasi ya kukubaliana nawe na kuondoka. Mimi ningeandika hivi: lango la nyumba ya kupangisha lisifungwe usiku kwa kufuli ambalo mpangaji hawezi kulifungua kutoka ndani, na kila nyumba iwe na angalau dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na komeo la ndani. Fundi wa kuchomelea yeyote mtaani anaweza kuifanya kazi hiyo, na mwizi bado atabaki nje. Kabla ya kuandika, nendeni mkazungumze na wazimamoto wenyewe, maana wao ndio hukata nondo hizo usiku. Waiteni na wenye nyumba, kwa sababu gharama watailipa wao, na ombi lisilowasikiliza litapingwa siku ya kwanza.

Kuna njia ya pili ambayo hutupita bila kujua. Sheria ya 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni inataka wananchi washauriwe kabla kanuni haijatoka. Kanuni itakayowagharimu watu sana hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti la kawaida, na muda wa kupokea maoni haupungui siku 14. Tena kanuni zinazosimamiwa na sheria hiyo hufikia ukomo baada ya miaka 10, isipokuwa muda uongezwe, kwa hiyo nafasi ya kusema hurudi.

Lakini siku 14 ni chache mno. Matangazo haya mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mikutano ya kutoa maoni hufanywa asubuhi ya siku ya kazi, wakati muuza samaki na mpanda bodaboda wako kazini. Mtu hawezi kuambiwa alishirikishwa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo nakuomba wewe mhariri: kila tangazo la kanuni za moto au za ujenzi linapotoka, lichapishe kwa ufupi kwa Kiswahili, pamoja na siku ya mwisho ya kupokea maoni na mahali pa kuyapeleka. Sisi wa jumba letu tumeanza kukusanya sahihi za ombi la lango na nondo. Wapangaji wa mitaa mingine wanaotaka kuchukua maneno yale niliyoyaandika hapo juu na kuyapeleka katika kaunti zao, wayachukue.

Mpangaji,
Kisauni, Mombasa