Vijana wa tovuti wa Mtwara, madirisha mnayafungua ovyo

Wanangu wa Mtwara mjini, na ninyi wa Masasi na Newala mnaojifunza ufundi huu wa tovuti,

Marahaba. Mlinitumia kazi zenu nizipitie, nami nimezipitia zote. Nilipomaliza, kompyuta yangu ilikuwa na madirisha ishirini na tatu wazi. Mimi sikufungua hata moja.

Mtu amewaambia kila kiungo kiandikwe target="_blank", yaani kifungue dirisha jipya, ili mteja asiwatoroke. Juzi nilikaa na karani wa chama cha msingi anatafuta bei za mnada wa korosho. Akabonyeza, likaja dirisha jipya. Alipotaka kurudi, kitufe cha kurudi kimekufa, maana dirisha jipya halina ukurasa wa nyuma. Akasema mtandao umekata, akaenda kunywa chai. Mteja hakutoroka, sawa, lakini na kazi haikufanyika.

Kiungo cha kawaida kiacheni kifunguke palepale. Hakihitaji target. Dirisha jipya lina mahali pake, kwa mfano mtu anajaza fomu ya oda na anataka kuchungulia bei bila kupoteza alichoandika. Hapo ndipo mngelipatia dirisha jina mlilolibuni wenyewe: target="bei". Mara ya kwanza kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kitafungua dirisha na kuliita bei. Akibonyeza tena kiungo chenye jina hilo, kitatumia lilelile. Viungo kumi, dirisha moja.

Lakini majina yana adabu yake. Kwetu mtoto akitoka jandoni ana jina jipya, ukimwita la utotoni haitiki. Kivinjari nacho ni hivyohivyo: "Bei" na "bei" ni madirisha mawili. Na jina lenu lisianze na kistari cha chini, hicho kina wenyewe: _self ni hapahapa, _blank ni jipya, _parent ni fremu ya juu yake, _top ni kutoka kwenye fremu zote. Hayo mawili ya mwisho yametoka enzi za Netscape, kivinjari cha zamani, katikati ya miaka ya 1990, ukurasa ulipokatwa vipande vilivyoitwa fremu, menyu kushoto na habari kulia. Siku hizi mtayakuta kwenye iframe tu, yaani ukurasa uliopachikwa ndani ya ukurasa mwingine.

Mimi kistari hicho kiliniaibisha. Niliandika "blank" kavu, bila kistari, nikaona dirisha jipya linafunguka, nikaridhika. Kumbe nimetengeneza dirisha linaloitwa blank, na viungo vyangu vyote vinaingia humo. Mteja akafungua fomu, akaijaza nusu, akarudi kubonyeza ukurasa wa madaraja ya korosho. Ukaingia juu ya fomu yake. Alinipigia simu kwa hasira, na haki alikuwa nayo.

Sasa hili lisikieni vizuri, maana hata wanaojiita mafundi hulipita. Ukurasa uliofunguliwa kwenye dirisha jipya unaweza kushika kamba ya ukurasa uliouzaa, window.opener, na kuupeleka kwingine. Mteja anarudi kwenye dirisha lenu, anakuta pameandikwa "ingiza nywila yako tena", naye anaingiza. Vivinjari vimeikata kamba hiyo kwa _blank. Chrome ilifanya hivyo mwaka 2021. Kwa dirisha mlilolipatia jina wenyewe havijaikata. Kwa hiyo jina liwe la kurasa zenu tu. Kiungo kinachokwenda kwa watu msiowajua, kikilazimika kufungua dirisha, kiwe _blank na muongeze rel="noopener", maneno ya kuikata kamba hiyo, kwa ajili ya wale wenye simu za zamani, ambao huku kwetu si wachache.

Na window.open, ile amri ya JavaScript ya kufungua dirisha, msiiite ukurasa unapofunguka tu. Kivinjari kitaizuia, kinataka kuona mtu kabonyeza kwanza.

Rekebisheni, mnitumie upya. Anayependa kukaa pamoja, nipo Mikindani kila siku baada ya alasiri. Aje na laptopu yenye chaji.

Mzee wenu